Jumba la upepo limetugombanisha na wapangaji wenzetu

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi Tabata, tumepanga vyumba viwili kwenye nyumba yenye wapangaji wanne na LUKU moja ya umeme. Mkubwa ni binti wa miaka 8, anafuata wa kiume wa miaka 5, na kitinda mimba ana mwaka na nusu. Mimi ni fundi cherehani, nashonea hapo hapo nyumbani. Baba watoto anaendesha bajaji, anatoka alfajiri na kurudi usiku.

Mwishoni mwa mwaka jana wifi yangu anayeishi Marekani alitutumia boksi la mizigo kwa meli. Ndani kulikuwa na nguo, viatu, na kitu ambacho sikuwahi kukiona: guo kubwa la nailoni nyepesi, la buluu, limekunjwa ndani ya mfuko. Ubavuni lina mdomo wa mraba. Unaufunga ule mdomo kwenye feni, unawasha, guo linajaa upepo na kusimama kama kibanda. Mlango wake ni mpasuko tu, watoto wanapenya wanakaa ndani. Halina sakafu, wanakaa kwenye mkeka wetu. Wifi alituma na feni yake ya mraba. Siku ya kwanza tuliichomeka kwa adapta, ikazunguka kwa kasi ya ajabu kama dakika mbili, ikanuka kuungua, ikafa mpaka leo. Baba watoto akanunua feni ya meza Kariakoo, akaibana kwenye ule mdomo kwa seloteipu pana ya kufungia maboksi. Jumba likasimama.

Shangazi, furaha ya wale watoto siwezi kuieleza nikaimaliza. Kwetu uwanja wa kuchezea hakuna, ukitoka getini ni bodaboda tu, na mvua zikianza ndiyo kabisa hawatoki. Lakini mle ndani binti anawasomea wenzake hadithi kwa tochi, na mdogo wake anasema yuko kwenye boti ya kwenda Zanzibar. Simu yangu hawaiulizii tena.

Watoto wa wapangaji wakaanza kuja. Mara watatu, mara sita, siku moja nikahesabu tisa. Wakawa wanakanyaga vitambaa vya wateja. Alhamisi moja nikafunga mlango, nikasema leo basi. Mtoto wa jirani wa mlango unaotazamana na wangu, ana miaka 4, akabaki kwenye korido analia, mpaka mama yake akaja kumchukua bila kusema neno. Jumamosi yake nikaitwa kwenye kikao. Yule mama ndiye aliyeongea zaidi: LUKU inaisha haraka, dude langu la Ulaya linakula umeme, kwa hiyo niwe nalipa nusu ya LUKU yote peke yangu. Nikajibu kwa hasira. Sasa hatusalimiani, na ndoo ya maji tunachota pamoja kila asubuhi.

Kubwa zaidi ni la wiki iliyopita. Saa moja usiku nilikuwa kwenye korido nakaanga samaki, watoto wako ndani ya jumba, umeme ukakatika. Guo likawashukia. Nikasikia makelele. Nikawasha mshumaa haraka nikaingia nao, nikawa nalifunua guo kwa mkono mmoja. Wakubwa walikuwa wameshatoka, ila yule mdogo alikuwa amelala mle ndani na guo limemfunika uso. Nilimtoa akiwa mzima, alilia tu kwa kushtuka. Baba watoto alipoambiwa alisema jumba liuzwe au litupwe, watoto wetu walikua bila majumba ya upepo na sisi pia tulikua.

Wifi anakuja Juni. Nitupe zawadi yake? Na hawa wapangaji nifanyeje? Kuna rafiki ananishauri niwe nalikodisha kwenye bethidei nipate hela kidogo.

Mama wa watatu, Tabata

*

Marahaba, mwanangu. Pole sana kwa ule usiku.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila nikifika kwenye ule mshumaa nasimama. Umeutaja kwa maneno machache kama kitu kidogo, na mimi ndio ulionitisha kuliko giza lenyewe. Guo la nailoni, limelala juu ya mtoto, wewe umeinama na moto mkononi. Wewe ni fundi, unajua pasi ikizidi moto kwenye kitambaa cha nailoni kinatokea nini: hakifanyi jivu kama pamba, kinayeyuka na kuganda kwenye pasi. Basi na kwenye ngozi ya mtoto kinaganda vivyo hivyo, na mtu hawezi kukibandua bila kuondoka na ngozi. Kuanzia leo mshumaa, kibatari, jiko la mkaa, mtungi wa gesi na ile dawa ya mbu ya kuchoma visikae chumba kimoja na jumba hilo, liwe limesimama au limekunjwa. Binti yako ana tochi anayosomea hadithi. Pigilia msumari pembeni ya mlango, uitundike hapo, na ijulikane na kila mtu kuwa umeme ukikatika mkono unaenda kwenye msumari ule.

Sasa yule mdogo. Vitu vya kuchezea vya namna hii kwa kawaida huwekewa alama ya miaka 3 na kuendelea, na sababu umeiona kwa macho yako. Mtoto wa miaka 8 akiangukiwa na guo jepesi anainua mikono, anatafuta mlango, anatoka anacheka. Wa mwaka na nusu hajui kuinua guo likiwa usoni, na akiwa usingizini hata kulia anaweza asilie. Kwa hiyo aingie tu ukiwa umekaa naye mle ndani, na asilale humo hata kwa dakika tano, hata kama amesinzia vizuri na wewe una nguo ya mteja ya kumalizia. Akianza kufikicha macho, mtoe.

Hao wakubwa wafanyishe mazoezi. Mchana, wewe ukiwepo, zima feni makusudi. Jumba halianguki kwa kishindo, linanywea taratibu kadiri upepo unavyotoka, muda wa kutosha kabisa wa kutoka. Wafundishe kuwa feni ikinyamaza hadithi inakomea hapo hapo: wanapiga magoti, mkono mmoja juu kuinua guo, wanatambaa kuelekea kwenye mpasuko. Rudieni mara nne, mara tano, mpaka iwe mchezo. Na ukiwa unakaanga samaki korido, jumba lisiwe limesimama. Hili sikulaumu kwalo, najua siku ya mama mwenye watoto watatu na cherehani ilivyo. Ila jumba hili linataka mtu mzima ndani ya chumba, mwenye macho kwao.

Kuhusu feni: ile ya Marekani msiichomeke tena, wala msimpelekee fundi. Umeme wa majumbani kule ni volti 120, wa kwetu ni volti 230. Adapta inabadilisha meno ya plagi tu, nguvu ya umeme inabaki ile ile, ndiyo maana ilizunguka kama imepandwa na mashetani kisha ikaungua. Hata mkitafuta transfoma ya kushusha umeme, mota yake imeundwa kwa hezi 60, yaani mizunguko 60 ya umeme kwa sekunde, na sisi tunatumia hezi 50, itakuwa inazunguka polepole na kupata joto zaidi. Feni ya Kariakoo inatosha.

Kisichofaa ni seloteipu. Kwa joto letu gundi inalegea, feni inachomoka, na mtu mwenye haraka anaizungushia mpaka nyuma. Feni inavuta hewa kwa nyuma. Ukiiziba mgongo, mota inapata joto na jumba lenyewe halijai. Hapa ndipo nikafurahi nilipoona wewe ni fundi cherehani. Ule mdomo wa mraba ulikatwa kwa feni ya inchi 20 ya kule, ya kwako bila shaka ni ya duara, ya inchi 16 au karibu na hapo. Usiukate mdomo wenyewe. Shona mkono wa kuunganisha: upande mmoja uwe mraba unaoingia kwenye mdomo, upande wa pili uwe mduara wenye njia ya lastiki, kama kiuno cha suruali ya mtoto, unaovaa wavu wa mbele wa feni tu. Tafuta kitambaa cha mwavuli. Kimefumwa karibu karibu na hakivujishi upepo kama pamba. Feni ikae sakafuni, si juu ya stuli, iwe mbali kidogo na ukuta ipate kuvuta. Na mgongo wake uwe upande ambao mdogo hafiki, maana mtoto wa umri ule atazunguka nyumba nzima kutafuta kinachonguruma, na vidole vyake vinapenya kwenye wavu. Waya usipite chini ya mkeka wanaoukalia.

Jingine ni joto. Feni haileti baridi, inasukuma hewa ile ile ya chumbani. Januari mpaka Machi chumba chenye bati juu kinakuwa tanuri, na ukijaza watoto tisa ndani ya guo wanatoka wamelowa. Wanne wanatosha kwa wakati mmoja. Nusu saa, watoke wanywe maji, waingie wengine.

Nije kwa jirani yako.

Mwanangu, angalia siku ulizoziandika mwenyewe. Alhamisi mtoto wake alilia kwenye korido, mlango umefungwa, na ndani anasikia wenzake wanacheka. Jumamosi ikaibuka LUKU. Kabla ya hapo ni watoto wake na wa wengine walioingia na kutoka siku zote, feni ile ile, umeme ule ule, na hukuandika popote kwamba kuna aliyelalamika. Mimi sidhani kilichomuuma ni uniti. Mzazi anavumilia mengi, lakini kumwona mwanawe wa miaka 4 ameachwa mlangoni kwa kitu ambacho yeye hawezi kumnunulia, hilo linachoma, na hakuna mtu mzima anayeweza kulisimamia kikaoni na kulisema. LUKU inasemeka.

Hesabu nitakupa, uwe nayo. Tazama kibandiko nyuma ya feni, utaona wati zake. Feni ya meza ya kawaida ni kama wati 60. Ukiiwasha kwa muda wa saa 2 kila siku, kwa siku 30 inakula uniti 3.6. Kwa bei ya kawaida ambayo sh. 10,000 inakupa uniti 28 hivi, hiyo ni kama sh. 1,300 kwa mwezi mzima. Nadhani wenzako wanalichanganya jumba lako na yale majumba makubwa ya kurukia ya kwenye bethidei. Yale ni kitu kingine kabisa. Yalianzia Marekani miaka ya 1950, mhandisi aitwaye John Scurlock alipowaona wafanyakazi wake wanarukaruka juu ya turubai la upepo la kufunikia uwanja wa tenisi. Ni turubai zito, lina sakafu, na kipulizio chake huanzia wati 750 na kuendelea, wakati mwingine hupita 1,000. Ukikiwasha kile kwa LUKU ya pamoja, wenzako wana haki ya kuita kikao.

Lakini hesabu hiyo usiende nayo mlangoni kwake. Na chonde chonde, kama ana friji usimtajie friji lake. Friji, hata dogo, kwa siku chache linamaliza umeme ambao feni yako inautumia mwezi mzima, na wewe utashinda ubishi na kukosa jirani. Piga hodi jioni akiwa ametulia, mikono mitupu, umwambie hivi: "Mama fulani, siku ile mwanao alilia nje kwangu, na mimi nilisikia nikaendelea kushona. Nisamehe." Ishia hapo. Usimweleze vitambaa vya wateja, usimweleze watoto walikuwa tisa. Akitaka kusema la kwake, msikilize mpaka amalize.

Akishalainika, mwombe kitu. Mwambie unataka watoto wacheze kwa zamu, wanne wanne, saa kumi hadi saa kumi na moja, na wewe peke yako huwezi kushona na kuangalia kwa pamoja; je, anaweza kukaa nao siku mbili kwa wiki? Ukimwomba msaada unampa nafasi ndani ya jambo lenyewe, na mwanawe anakuwa na siku yake inayojulikana. Kama atakataa mtoto asiingie, hiyo ni haki yake, usimshawishi mtoto kwa mlango wa nyuma.

LUKU ikija zamu ya kuchangia, wewe toa fungu lako na uongeze sh. 2,000 mezani kabla hujaombwa, useme ni ya feni. Ni zaidi ya inayokula. Ile habari ya kulipa nusu usiikubali, lakini usiibishie tena kikaoni. Mwite mmoja wao anayeheshimika, mwonyeshe kibandiko cha feni na hiyo hesabu, yeye ndiye awaeleze wengine. Mbele ya safari, kama mwenye nyumba yuko tayari, kila mpangaji awe na mita yake ndogo ya kujua anachotumia. Nyumba nyingi hapa mjini zingepona kwa hilo.

Baba watoto ana haki ya kuogopa. Alitoka kazini amechoka akaambiwa mwanawe wa mwisho alikutwa amefunikwa uso. Usimjibu kwa maneno. Shona ule mkono, tundika tochi, kisha siku akiwahi kurudi muwashe jumba mbele yake, uzime feni, aone watoto wanavyotoka. Akiona atapima mwenyewe. Ila kwenye lile neno la "sisi tulikua bila hivyo" sikubaliani naye, na umfikishie kwa heshima. Sisi tulikua tuna uwanja. Tulicheza kombolela mpaka giza, tulicheza rede katikati ya njia na hakuna bodaboda iliyotukanyaga. Watoto wake hawana hiyo njia. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inapotaja yale ambayo mzazi anawiwa na mtoto, imeweka kucheza na kupumzika pamoja na chakula, malazi na shule. Na Jumapili moja moja, bajaji ikipumzika, awapeleke Coco Beach wakakimbie mchangani. Jumba la chumbani halichukui nafasi ya kukimbia.

Kulikodisha, hapana. Ni guo jepesi la watoto wanne waliokaa, kwenye bethidei watalirukia na kulichana siku ya kwanza, na mtoto wa watu akiumia utajibu wewe.

Usilitupe, basi. Likunje likiwa kavu. Lianike kwanza kwenye kamba, maana jasho la watoto na unyevu wa Dar vikikaa pamoja ndani ya mfuko guo linaota ukungu. Na umeme ukikatika usiku, likunjwe hapo hapo, halafu chukua viti viwili na khanga zako mbili, uwafungie nyumba ile tuliyofungiwa na mama zetu. Khanga pia ni nguo inayoshika moto, mwanga uwe wa tochi ile ile ya kwenye msumari. Kitinda mimba akae mapajani mwako. Binti amalizie hadithi aliyoikatisha, na kama mvulana bado hajafika Zanzibar, aendelee na safari.

Wifi akija Juni mwambie yote, pamoja na ile feni iliyoungua. Mwonyeshe mkono ulioushona.